Kusoma Umri wa Muamala

Msimamizi hodari wa kanzidata haanzi na grafu zinazopanda na kushuka. Anaanza na orodha. Katika PostgreSQL orodha hiyo huitwa pg_stat_activity, na kila mstari wake ni muunganisho mmoja: nani ameingia, kutoka mashine gani, ombi lake la mwisho lilikuwa lipi, na sasa yuko katika hali gani. Mistari inaweza kufika mia mbili. Mgeni huisoma kutoka juu akitafuta kitu kikubwa, pengine ombi refu lililounganisha majedwali sita. Mwenye uzoefu huipanga upya kwa kigezo kimoja, yaani saa ambayo muamala ulianza, mkongwe akiwa juu, kisha hutulia na kuisoma polepole.

Ufundi huu nimeutazama kwa miaka, nikikaa pembeni ya watu wanaoujua, na bado haujanichosha. Nimeona kwamba kiini chake kimo katika ule mpangilio wa kwanza. Wengi tunaangalia kasi: miamala mingapi kwa sekunde, kichakataji kinatumika kwa asilimia ngapi. Wao wanaangalia umri. Karibu kila balaa la mfumo wa miamala hutanguliwa na kitu fulani kilichozeeka bila mtu kukigundua, iwe muamala, foleni, au namba.

Muamala wenyewe tunaufahamu kwa vitendo. Anayetuma shilingi 20,000 kwa simu kutoka Mbeya kwenda kwa mama yake Bukoba anaandikisha mambo kadhaa kwa mpigo: salio lake lipungue, la mama liongezeke, ada ikatwe, kumbukumbu ibaki. Ama yote yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Jim Gray, Mmarekani aliyefanya kazi IBM katika mradi wa System R miaka ya 1970 na kupewa Tuzo ya Turing mwaka 1998, ndiye aliyeipa dhana hii msingi imara. Katika makala yake ya mwaka 1981 aliuweka muamala karibu na sheria ya mikataba, akatoa mfano wa ndoa ya kanisani: mchungaji anamuuliza kila mmoja kama anakubali, wote wawili wakisema ndiyo anatangaza ndoa, na mmoja akikataa hakuna ndoa. Naupenda mfano huo kwa sababu unaonyesha mahali penye hatari. Hatari iko katikati, pale ambapo mmoja ameshajibu na mwingine bado yuko kimya. Kazi yote ya ufuatiliaji ni kulinda hicho kipindi cha katikati kisirefuke.

Chini kabisa ya mfumo, hali ya muamala ni kitu kidogo mno. PostgreSQL huiandika kwa biti mbili. Biti mbili zinaweza kusema mambo manne: muamala unaendelea, umethibitishwa, umebatilishwa, au ni muamala mdogo uliokamilika ndani ya mkubwa na unasubiri hatima ya mkubwa wake. Hali za miamala minne hukaa ndani ya baiti moja, na ukurasa mmoja wa kilobaiti 8 hubeba hali za miamala 32,768. Mpango huu ulitokana na uamuzi wa Michael Stonebraker na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioanza mradi wa POSTGRES mwaka 1986. Walichagua kutofuta mstari wa zamani pale unapobadilishwa. Toleo jipya huandikwa kando, na kila toleo hubeba namba ya muamala uliolizaa na ya ule uliolifuta. Faida yake inashangaza: ukiubatilisha muamala ulioandika mistari milioni moja, hakuna haja ya kurudi kuifuta mmoja mmoja. Biti mbili zinabadilika, na ile mistari milioni haionekani tena kwa yeyote. Gharama yake ni kwamba mabaki hayo yanasalia ndani ya jedwali mpaka mfagizi apite, na huko ndiko tutakakofika baadaye.

Turudi kwenye orodha. Safu ya hali ina maneno machache, na maana yake si zile zinazokuja haraka kichwani. Muunganisho unaotajwa kuwa kazini huenda haufanyi lolote, kwa sababu umetuma ombi na umesimama ukisubiri kufuli lililoshikwa na mwingine. Ili kulijua hilo lazima usome pia safu ya jirani inayotaja kinachosubiriwa. Muunganisho ulio kimya na usio na muamala hauna madhara, hata ukikaa wiki nzima. Kuna aina ya tatu, ulio kimya ndani ya muamala. Huyo alifungua muamala, akafanya jambo, kisha akanyamaza bila kuthibitisha wala kubatilisha. Kichakataji hakimhisi. Diski haimhisi. Kwenye grafu hayupo. Lakini kila kufuli alilochukua bado liko mkononi mwake.

Kwa kila mstari kuna saa tatu za kulinganisha: muamala ulianza lini, ombi la mwisho lilianza lini, na hali ilibadilika lini. Tuchukue miunganisho miwili, yote imefungua muamala saa 3:10 asubuhi, na sasa ni saa 5 kasoro robo. Wa kwanza ombi lake la mwisho lilikuwa saa 3:10 hiyohiyo, na tangu hapo kimya. Wa pili ombi lake la mwisho limeanza sekunde mbili zilizopita. Kwa umri wanalingana kabisa. Wa kwanza ni mtu aliyeondoka mezani. Wa pili ni kazi kubwa ya kuhamisha kumbukumbu inayosonga hatua kwa hatua, na atakayeikata anapoteza saa moja na nusu za mwenzake. Fundi hutofautisha hawa wawili kwa kuangalia tu, kama vile hakuna cha kufikiri, na ndipo unapojua amekwisha kufikiri mara nyingi sana kabla ya siku hiyo.

Niliwahi kumtazama dada mmoja akiisoma hali ya namna hii katikati ya siku ya kazi, katika ofisi ambayo mfumo wake mzima ulikuwa umesimama. Wateja walikuwa wanalalamika, simu zinaita, na watu wa mtandao walishaanza kuulizana kuhusu nyaya. Yeye aliona kwanza jambo ambalo wengine walilipita: seva ilikuwa haina kazi. Kichakataji kimepumzika, diski kimya. Mashine iliyozidiwa huhangaika, na hii haikuhangaika. Akajua watu wako kwenye foleni.

Akafungua orodha. Miunganisho zaidi ya themanini ilikuwa inasubiri kufuli la jedwali moja, lile la wateja. Mbele yao kulikuwa na amri ya ALTER TABLE, iliyotumwa na mwandishi wa programu aliyetaka kuongeza safu moja. Kuongeza safu ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini hudai kufuli zito kuliko yote, ambalo halikubali mwenza, hata msomaji tu. Kwa haraka ungesema mkosaji amepatikana. Lakini hiyo ALTER TABLE nayo ilikuwa inasubiri. Dada akatumia pg_blocking_pids, ambayo ukiipa namba ya mchakato hukujibu ni nani anayeuzuia, akapanda ngazi kwa ngazi mpaka akafika kwa mtu wa mwanzo: mtu wa takwimu aliyefungua dirisha lake asubuhi, akasoma mistari michache, na kuliacha. Alikuwa kimya ndani ya muamala.

Kusoma jedwali huchukua kufuli jepesi mno. Wasomaji mia wanaweza kulishika pamoja, waandishi nao wakapita bila kugusana nao. Kwa hiyo mtu wa takwimu angeweza kukaa hapo mpaka jioni asimuumize yeyote. Ila PostgreSQL huheshimu foleni. Aliyeomba kufuli zito akiwa anasubiri, wanaokuja nyuma yake hawamruki, hata kama wanachoomba ni kusoma tu na kingepatana vizuri na yule aliye ndani. Ndivyo dirisha moja lililosahauliwa na amri moja ya nusu sekunde zilivyofunga ofisi nzima, ilhali kila mmoja peke yake hakuwa na kosa.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka kwa heshima zaidi. Kwanza aliisitisha ile ALTER TABLE. Ilikuwa haijafanya chochote, kwa hiyo kuisitisha hakupotezi kitu, na foleni yote ya wateja ikayeyuka papo hapo. Wengi wangeishia hapo, na mwandishi wa programu angeijaribu tena baada ya dakika tano, na ofisi ingesimama tena. Yeye, presha ilipokwisha kushuka, aliinua simu.

"Kaka, habari za saa hizi. Samahani kwa usumbufu. Lile dirisha la ripoti ulilofungua asubuhi, bado unalitumia?"

"Hapana dada, nilishamaliza. Nilikuwa nimetoka kidogo kupata chai."

"Kuna kitu umeandika humo hujahifadhi?"

"Hakuna, nilikuwa nasoma tu."

"Haya, basi nalifunga. Ahsante sana, kaka."

Angeweza kulifunga bila kuuliza. Uwezo alikuwa nao. Lakini orodha humwonyesha ombi la mwisho pekee. Haimwambii yaliyotangulia ndani ya muamala uleule, na aliyesoma mwishoni huenda aliandika mwanzoni. Swali lake la pili kwenye simu lilijaza pengo hilo hasa. Kisha akampigia mwandishi wa programu, akamwomba arudie kazi yake akiwa ameiwekea amri ukomo wa kusubiri kufuli, sekunde chache tu, ili ikikosa nafasi ijiondoe yenyewe kabla foleni haijaota nyuma yake. Safari hiyo ilipita na hakuna mteja aliyejua.

Hata namna ya kufunga ina daraja zake. Kuna pg_cancel_backend, inayolikatiza ombi linaloendelea na kuuacha muunganisho ukiwa hai. Kwa aliye kimya ndani ya muamala haifui dafu, maana hakuna ombi la kukatiza. Kuna pg_terminate_backend, inayoufunga muunganisho wenyewe, muamala ukabatilishwa na makufuli yakaachiliwa kwa utaratibu. Halafu kuna ile ya kwenda kwenye mfumo endeshi na kuupiga mchakato kwa amri ya kuua isiyosikiliza. Hapo PostgreSQL hushuku kwamba kumbukumbu inayotumiwa na wote imeharibika, hivyo huwaondoa wote waliounganishwa na kuanza kujirejesha upya. Aliyetaka kumtoa mmoja anawatoa mia mbili. Mafundi wazuri niliowaona hawaigusi amri hiyo.

Mkwamo wa wawili, ambapo kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake, watu huuogopa sana, lakini ni jambo jepesi. Muunganisho ukisubiri kufuli kwa sekunde moja, PostgreSQL huchunguza kama kuna mzunguko wa namna hiyo, na ikiukuta humbatilisha mmoja ili mwingine apite. Kazi ya msimamizi hapo ni kuhesabu: mikwamo ikiongezeka wiki hadi wiki, kuna sehemu mbili za programu zinazogusa majedwali kwa mpangilio unaopishana, na dawa iko kwa waandishi wa programu.

Sasa yale mabaki. Kila badiliko huacha toleo lililokufa, na VACUUM, yule mfagizi, hupita kuyaondoa, mara nyingi yenyewe bila kuamriwa. Ila haiwezi kuondoa toleo ambalo kuna muamala ulio hai ambao pengine bado una haki ya kuliona. Kwa hiyo muamala mmoja mkongwe huweka mpaka wa ufagizi kwa kanzidata yote, hata kwa majedwali ambayo haukuyagusa kamwe. Jedwali la malipo linalobadilishwa mara elfu kwa dakika litavimba kwa sababu ya mtu anayesoma orodha ya mikoa. Mfagizi atapita, atayaona mabaki, na atayaacha, na ukisoma taarifa yake utakuta ameandika wazi kwamba kuna mistari iliyokufa isiyoweza kuondolewa bado.

Hapa usomaji unahitaji jicho kali zaidi, kwa kuwa si kila mkongwe anazuia ufagizi. Katika kiwango cha kawaida cha utenganisho, aliyesoma tu kisha akanyamaza ameshaachia taswira yake ya data. Anachoshika ni makufuli. Aliyeandika chochote, au anayetumia kiwango kinachohifadhi taswira moja kwa muamala mzima, kama inavyofanya pg_dump wakati wa kunakili, ndiye anayeuzuia mpaka usisogee. Safu mbili za pg_stat_activity, backend_xid na backend_xmin, hutaja nani ni yupi. Wengi hawazifungui kamwe.

Na kuna mahali umri unapogeuka hatari ya jumla. Namba ya muamala katika PostgreSQL ina biti 32, yaani takriban bilioni 4.3, na huzunguka kama duara: nusu huhesabiwa kuwa zamani, nusu kuwa wakati ujao. Toleo la mstari likiachwa mpaka miamala zaidi ya bilioni 2.1 hivi ipite, lingeanza kuonekana kama limetoka wakati ujao, yaani lingetoweka machoni pa wote. Ili hilo lisitokee, VACUUM hugandisha matoleo ya kale, ikiyatia alama kwamba ni ya kale kwa kila mtu milele. Kwa kawaida jedwali likifikisha umri wa miamala milioni 200, ugandishaji hulazimishwa. Ukishindwa, mfumo huanza kuonya zikiwa zimebaki namba milioni 40, na zikibaki milioni 3 hukataa kutoa namba mpya. Kusoma kunaendelea, kuandika kunakoma. Hizo ni hesabu za toleo la 14 na yaliyofuata. Kanzidata inayoandika miamala elfu moja kwa sekunde bila kupumzika humaliza nusu duara kwa siku 25 hivi.

Kampuni ya Sentry ilifika huko Julai 2015, na Mandrill, huduma ya barua pepe ya Mailchimp, ikafika Februari 2019 na kuyumba kwa zaidi ya siku moja. Zote mbili ziliandika hadharani kilichotokea, na maandishi hayo yamewafundisha wasimamizi wengi kuliko vitabu. Jambo linalouma ni kwamba namba hiyo haijifichi. Ombi moja la mstari mmoja, linalosoma umri wa datfrozenxid (namba ya kale zaidi ambayo huenda bado haijagandishwa) kwa kila kanzidata, hutoa jibu kwa sekunde. Fundi huliuliza kila siku na kuandika jibu pembeni ya la jana, kwa sababu namba moja haisemi mengi. Milioni 180 inayoshuka kesho ni afya. Inayovuka milioni 200 na kuzidi kupanda kwa wiki tatu bila kushuka hata mara moja inamwambia kuwa kuna kitu kinamshikilia mfagizi mkono.

Kumtafuta huyo anayeshikilia ndipo uhodari unapoonekana wazi, maana mara nyingine orodha ya miunganisho haina mkongwe yeyote. Kila muunganisho una umri wa sekunde, na bado mpaka hausogei. Asiyejua huanzisha seva upya na kushangaa kuona hakuna kilichobadilika. Anayejua hufungua pg_prepared_xacts. Huko hukaa miamala iliyoandaliwa kwa awamu mbili, ambayo imeshasema ndiyo na inasubiri tangazo la mchungaji wa Gray. Muamala wa namna hiyo hauna muunganisho tena, umeandikwa diski, na umeundwa makusudi ili uvuke kuzimwa na kuwashwa kwa seva. Mratibu wake akipotea, unabaki na makufuli yake mpaka mtu aje kuuthibitisha au kuubatilisha kwa jina. Baada ya hapo hukagua nafasi za urudufishaji, kwa sababu seva nakala iliyozimwa miezi iliyopita inaweza kuwa bado imewekewa akiba ya data ambayo haitakuja kuichukua.

Anayetumia MySQL hukutana na mambo hayohayo kwa sura nyingine. Katika InnoDB, iliyobuniwa na Mfini Heikki Tuuri, ripoti ya hali ya injini ina mstari unaotaja urefu wa orodha ya historia, yaani mabadiliko ya zamani ambayo hayajasafishwa. Urefu huo ukipanda kwa saa kadhaa, tafuta muamala mkongwe. Majina yamebadilika, umri uko palepale.

Ukomo wa muda nao huwekwa kwa busara. Tangu toleo la 9.6, PostgreSQL inaweza kumfunga yenyewe aliye kimya ndani ya muamala kupita muda fulani, na tangu la 17 inaweza kuweka ukomo wa muamala mzima. Mara ya kwanza kuona hili nilidhani kazi imekwisha: weka dakika moja kwa wote, nenda nyumbani. Yule dada hakufanya hivyo. Alikaa na orodha ya watumiaji, mmoja baada ya mwingine. Programu ya malipo aliipa sekunde chache, kwa sababu hakuna malipo halali yanayonyamaza katikati. Watu wa takwimu aliwapa dakika kumi na tano, kisha akawapigia simu kuwaeleza kabla haijaanza kufanya kazi. Kazi ya usiku ya kunakili data hakuiwekea ukomo wowote. Aliiwekea kengele inayomwamsha ikipita saa 11 alfajiri, kwa kuwa saa 12 ofisi za mikoani zinaanza kuingia, na alitaka saa moja nzima ya kuisoma kabla ya kuigusa.